Ghala la Nakala Linapozimika

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ilianza mwaka 1955, enzi za kadi na faili za karatasi. Baadaye ikawa miongoni mwa vituo 8 vya utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia watoto wachanga katika nchi 8. Takwimu za namna hiyo zikipotea zimepotea: mtoto wa miaka 10 hapimwi tena uzito wa miezi 3.

Ndiyo sababu pembeni ya seva kuu huwekwa nyingine ya kutunza nakala, yenye diski kadhaa zilizounganishwa kuwa safu moja kwa mbinu iitwayo RAID. Hesabu yake, kwa mfano uliorahisishwa, si ngumu. Diski moja ina 3, nyingine 5, ya tatu inatunza jumla, 8. Ikifa yenye 5, unatoa 3 kwenye 8 na 5 imerudi. Diski 4 za terabaiti 4 katika RAID 5 hukupa nafasi ya terabaiti 12. Zinazobaki ndizo gharama ya kinga, tena kinga ya kifo cha diski moja tu. Tatizo ni kwamba diski zilizonunuliwa pamoja huchoka pamoja, na kujaza diski mpya badala ya iliyokufa huzisomesha zilizobaki mwanzo hadi mwisho, kwa saa nyingi. Ya pili huweza kufa hapo hapo, na safu nzima ikafa nayo.

Mafundi wengi basi hukimbilia kuifufua safu iliyokufa. Haraka ya bure! Data halisi bado iko kwenye seva kuu, ila sasa haina mwenza. Inakiliwe kwanza, siku hiyohiyo, kwenye diski ya nje. Ndipo kila diski ya safu iandikwe kwa kalamu namba ya tundu lake, ichomolewe, inakiliwe nzima kwa programu kama ddrescue, inayoruka sehemu mbovu na kuzirudia mwishoni. Safu huunganishwa kutokana na nakala hizo, kwa kusoma tu.

Umbali nao una maana. Tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 liliua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji jirani. Seva na nakala yake zikiwa chumba kimoja, janga la aina hiyo huzibeba zote. Korea Kusini, pamoja na utajiri wake, ilipoteza terabaiti 858 za faili za watumishi wa serikali kwa moto uliozuka Daejeon, Septemba 2025. Hazikuwa na nakala kwingine.

Zahanati au SACCOS ya Dongobesh, hukohuko Mbulu, inaweza kuanza na diski mbili za nje zenye nywila, zikipokezana, moja ikilala mbali, mjini Babati. Na kila mwezi, rudisheni faili moja muone kama linafunguka.