Mtupa Mkuki Aliyefundishwa na Macho Yake

Mtu avukapo daraja la mto Tana na kuingia Garissa, hakosi kuwaona watoto wachungaji nyuma ya mbuzi na ngamia, kila mmoja na fimbo yake mkononi. Mtoto asiyetaka kumkimbilia mnyama aliyepotoka huirusha fimbo mbele yake, naye mnyama hugeuka. Hiyo ni kazi ya kila siku, wala hakuna aihesabuye kuwa mchezo. Lakini Julius Yego naye alikulia katika nchi ya wafugaji, huko Nandi kwenye nyanda za juu zenye baridi, mbali sana na joto la Garissa, na michezo yake ya kwanza ilikuwa ni kurusha vijiti. Mwaka 2015 mtu huyo alitupa mkuki mbali kuliko wanaume wote duniani.

Yego alizaliwa tarehe 4 Januari 1989 huko Cheptonon, katika watu ambao sifa yao kubwa ni mbio. Kijana wa Nandi mwenye miguu hodari alijua njia ya kufuata, kwa kuwa Kipchoge Keino alikwisha kuifungua. Mwenye mkono hodari hakuwa na njia. Yego alichonga mikuki ya miti akashindana na kaka yake, ambaye mwanzoni ndiye aliyekuwa akimshinda.

Alipokuwa mtu mzima hakuwa na mwalimu wa mchezo huo. Basi akaenda katika duka la kukodisha kompyuta, akatazama katika YouTube jinsi Jan Železný wa Ucheki na Andreas Thorkildsen wa Norwei walivyotupa. Alitazama, akatoka, akajaribu, kisha akarudi kutazama tena.

Asiyeujua mchezo huu hudhani kwamba ni nguvu za mkono tu. Hasha! Mkuki wa wanaume una uzito wa gramu 800 na urefu wa mita 2.60 hadi 2.70. Mtupaji hukimbia, kisha hugeuza ubavu na kupishanisha miguu, na mwishowe mguu wa kushoto hukita chini kama nguzo ya lango. Mwili uliokuwa ukienda mbele huzuiwa ghafula, na nguvu yote hupanda kiunoni, ikapita begani na kwenye kiwiko, mpaka ikafika mkononi. Mkono ndio wa mwisho. Kuyaona hayo katika picha na kuyatia mwilini pasipo mtu wa kusema “hapo umekosea” si jambo dogo.

Mwaka 2011 alishinda Michezo ya Afrika huko Maputo kwa mita 78.34. Ushindi huo ulimfungulia mlango wa kwenda Kuortane, Finland, nchi ambayo mkuki ni fahari ya taifa, akafundishwa na Petteri Piironen. Jambo hili husahauliwa na wapendao kusimulia kwamba Yego alijifundisha peke yake. Macho yake yalimfikisha mita 78. Zilizozidi hapo zilipatikana baada ya kupata mwalimu. Kumsifu kwa kukosa mwalimu, kana kwamba kukosa huko ndiko kulikomfanya bingwa, ni kuwatendea vibaya vijana wanaomfuata.

Mwaka 2012 alifika fainali ya Olimpiki mjini London. Mwaka 2013 huko Moscow alikuwa wa 4 duniani kwa mita 85.40, na mwaka 2014 akapata dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Glasgow.

Ndipo ikaja siku ya 26 Agosti 2015 mjini Beijing. Katika mtupo wake wa tatu mkuki ulikwenda mita 92.72, karibu urefu wa kiwanja kizima cha mpira. Tangu mwaka 2001 hakuna aliyekuwa ametupa umbali huo, na katika historia yote ya mkuki wa sasa, ambao uzito wake ulisogezwa mbele mwaka 1986 ili uanguke mapema, watu wawili tu walikuwa wamempita. Ihab El-Sayed wa Misri alimfuata kwa mita 88.99. Kenya iliongoza dunia katika mashindano hayo kwa dhahabu 7, na hii ilikuwa dhahabu ya kwanza ya dunia kwa Mkenya nje ya mbio.

Mwaka uliofuata, huko Rio de Janeiro, alitupa mita 88.24 katika mtupo wa kwanza, akaumia, na mtupo huo mmoja ukampa medali ya fedha nyuma ya Thomas Röhler wa Ujerumani. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu, kwa kuwa mwili wa mtupaji hulipa kila kishindo cha mguu ule wa kushoto. Katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, hakufika hata fainali. Wengi walidhani amekwisha. Mwaka 2022 alirudi na shaba ya Jumuiya ya Madola kwa mita 85.70, mwaka 2024 huko Paris alitupa mita 87.72 akawa wa 5. Na Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka 36, alisimama tena katika fainali ya dunia mjini Tokyo, akawa wa 6.

Uwanda wa Garissa ni mpana na tambarare, na fimbo za wachungaji hurushwa huko kila asubuhi. Mkuki wa gramu 800 ndio adimu, pamoja na mtu wa kuutazama mguu wa kushoto.