Rada ya ardhini: Je, inaweza kukuonyesha maji kabla hujachimba kisima?

Ukichimba kisima ukakosa maji, pesa ya mchimbaji hairudi. Ndiyo maana mashine yoyote inayosemwa "inaona chini ya ardhi" inavutia watu haraka. Mojawapo ni rada ya kupenya ardhi. Je, inafanyaje kazi, na uiamini kiasi gani?

Inafanyaje kazi?

Ni kifaa chenye antena, kinachosukumwa au kuburutwa juu ya ardhi kama mkokoteni mdogo. Kinatuma mawimbi ya redio chini. Yakikutana na mabadiliko, mfano mchanga mkavu unapoishia na mchanga uliojaa maji kuanza, sehemu ya mawimbi hurudi juu. Kompyuta inapima muda yaliotumia, kisha inachora picha ya tabaka za ardhi.

Siri ni hii: maji huyapunguza mwendo mawimbi hayo. Hewani hukimbia sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwenye mchanga mkavu ni kama sentimita 15. Kwenye mchanga uliojaa maji ni kama 6 tu.

Chukua mfano wa mwamba ulio mita 1 chini. Kwenda na kurudi ni mita 2. Mchanga ukiwa mkavu, safari hiyo inachukua nanosekunde 13 hivi. Ukiwa umejaa maji, ni kama 33. Kwa tofauti hiyo mtaalamu anakadiria unyevu, na mkulima wa umwagiliaji anajua upande gani wa shamba umekauka bila kuchimba mashimo kila mahali.

Inafika kina gani?

Inategemea udongo. Kwenye mchanga mkavu inaweza kufika mita kadhaa, hata makumi ya mita ukitumia antena ya masafa ya chini, ingawa picha yake haionyeshi vitu vidogo.

Kwenye mfinyanzi uliolowa au ardhi yenye chumvi, mara nyingi haivuki hata mita 1. Udongo wa aina hiyo unapitisha umeme vizuri, hivyo unameza mawimbi. Kwa hiyo kwenye ule udongo mweusi wa mbuga, au pwani ambako maji ya bahari yameingia ardhini, rada inakuwa kipofu.

Inafaa zaidi sehemu kama mito ya mchanga ya Kitui au Dodoma, ambako kiangazi watu hufukua mchanga kupata maji. Kisima cha mita 100? Hapo rada haifiki. Wataalamu hupima jinsi ardhi inavyopitisha umeme, halafu ndipo wanachimba.

Rada haionji maji

Septemba 2013, serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza hazina kubwa ya maji chini ya ardhi huko Turkana, ikiwemo Lotikipi. Utafutaji ule ulitumia rada ya aina nyingine, ya satelaiti, pamoja na taarifa za jiolojia, kisha vikachimbwa visima vya majaribio.

Maji yalikuwepo kweli. Lakini vipimo vya baadaye vya Lotikipi vilionyesha yana chumvi nyingi mno, hayafai kunywa bila kusafishwa. Kuona maji ni jambo moja, kuyanywa ni jingine.

Kabla hujalipa, uliza:

- Udongo wa hapa ni wa aina gani?
- Rada yenu itafika mita ngapi?
- Mtatumia kipimo gani kingine kuhakikisha?
- Nani atapima ubora wa maji yakipatikana?

Mtu akikuahidi maji matamu mita 100 chini kwa kutumia rada hii peke yake, pesa yako ibaki mfukoni kwanza.