Kabla ya Kumnunulia Mzazi Kompyuta, Zingatia Haya

Tangu Juni 2023, zaidi ya huduma 5,000 za serikali zinapatikana kupitia eCitizen. Kwa mzee aliyezoea kupanga foleni ofisini, mabadiliko haya mara nyingi humaanisha kwenda saiba na kumwachia mtu asiyemjua nambari ya kitambulisho na nywila yake. Kompyuta nyumbani inaweza kumwondolea hatari hiyo. Hata hivyo, isiyomfaa huishia kufunikwa kitambaa sebuleni.

Muulize kwanza

Je, mzazi ataitumia kwa kazi gani? Anayetaka kuonana na wajukuu kwa video na kusoma magazeti anaweza kutosheka na tableti. Anayewasilisha ritani za KRA kabla ya Juni 30 kupita, au kuandika kumbukumbu za chama, anahitaji kibodi halisi. Wengine hawahitaji kompyuta kabisa: kujisajili kwa SHA, kwa mfano, kunawezekana kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *147#.

Macho na mikono

Skrini ya inchi 15.6 humpunguzia mzee kazi ya kukodoa macho. Maandishi pia yanaweza kukuzwa kwenye mipangilio ya mashine. Ikiwa mikono inatetemeka, nunua kipanya cha kawaida badala ya kutegemea kibao cha kugusa. Mahali ambapo stima hupotea mara kwa mara, kipakatalishi hufaa kuliko kompyuta ya mezani, kwani betri humpa muda wa kuhifadhi kazi yake.

Nguvu ya mashine

Tafuta kumbukumbu (RAM) ya GB 8 na diski ya aina ya SSD yenye angalau GB 256. SSD huwaka haraka kuliko diski kuu za zamani zinazozunguka, na mzee hatakaa akidhani ameiharibu.

Tahadhari kwa mashine zilizotumika

Rahisi huwa ghali. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na kwa jumla mashine zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Mashine isiyopokea masasisho ya usalama ni mlango wazi kwa walaghai. Kabla ya kulipa, iwashe bila chaja kwa nusu saa, jaribu kila kitufe, kamera na spika, kisha udai risiti na dhamana kwa maandishi.

Baada ya kununua

Mfungulie mzazi akaunti isiyo na mamlaka ya kuweka programu mpya, ili asidanganywe kuweka programu hatari. Mfundishe jambo moja kwa siku, na aandike hatua kwenye daftari kwa lugha yake mwenyewe. Nywila na PIN ya M-Pesa zibaki kuwa siri yake. Mtoto amwelekeze tu, asimshikie. Mzee akipigiwa simu na anayedai kutoka benki au afisi ya serikali na kuombwa PIN, akate simu.

Wasio na uwezo wa kununua kompyuta wanaweza kuhudumiwa katika kituo cha Huduma kilicho karibu, wakiwa na kitambulisho chao halisi.