Laki Moja ya Mwisho wa Mwezi: Iende Benki au Ikae Nyumbani?

Mshahara umeingia. Benki imeshakata rejesho la mkopo wa nyumba. Bodi ya Mikopo imechukua asilimia 15 yake kwa wale tuliosomeshwa kwa mkopo. LUKU imenunuliwa, ada imewekwa pembeni, mchele na mafuta vimo ndani. Imebaki laki moja. Mke anasema tuiongeze kwenye rejesho, deni liishe mapema tupumue. Mume anasema hapana mama, gata la nyuma linavuja, na fundi alishaonya kwamba mvua zijazo silingi bodi ya chumba cha watoto haiponi. Kila mmoja ana hoja. Na tukisema ukweli, kila mmoja ana woga wake: mmoja analiogopa deni, mwenzake anaiogopa nyumba.

Mwezi huu tumeamua kuingilia ugomvi huo, maana Dodoma ya sasa umejaa tele.

Ni ugomvi ambao wazazi wetu wengi hawakuujua. Benki ya Nyumba Tanzania, ile THB, ilianza kazi 1973 na ikafa 1995. Baada ya hapo ukitaka nyumba ulinunua kiwanja, ukamwaga mchanga, ukapandisha chumba kimoja kimoja kwa miaka kumi. Hukuwa na deni benki, ila ulikuwa na nondo zinazokula kutu uani. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya mikopo ya nyumba, 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC inayozikopesha benki fedha za muda mrefu, na taratibu mikopo ya miaka 15, 20 hadi 25 ikaanza kupatikana. Kisha Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza serikali nzima inahamia Dodoma. Vijana wakafungasha kutoka Dar, Mji wa Serikali ukaota pale Mtumba, Shirika la Nyumba likajenga Iyumbu na Chamwino, Watumishi Housing wakajenga Njedengwa. Watu wakasaini. Wengine walisaini kwa furaha bila kuisoma ratiba ya marejesho, ile karatasi yenye safu za tarakimu inayokaa nyuma kabisa ya mkataba.

Hebu tuisome leo.

Karatasi ya nyuma ya mkataba

Tuchukue mfano wa mkopo wa milioni 60, riba asilimia 16 kwa mwaka, miaka 20, riba isibadilike. Rejesho la kila mwezi ni kama shilingi 834,750. Sasa angalia mwezi wa kwanza: kati ya hizo, laki nane nzima ni riba. Kinachopunguza deni lenyewe ni shilingi 34,750 hivi. Ndiyo, umesoma sawasawa. Hela ya kununulia viatu vya mtoto.

Lipa hivyo hivyo miaka mitano bila kukosa hata mwezi. Utakuwa umeipelekea benki zaidi ya milioni 50, na deni litakuwa limeshuka kutoka milioni 60 hadi karibu milioni 56.8. Hapo ndipo watu wanapokwenda benki na kutaka kumkunja mtu shati. Hakuna aliyewaibia. Riba inapigwa juu ya deni lililobaki, na mwanzoni deni lililobaki ni karibu lote.

Ndiyo maana yule mke mwenye hoja ya kulipa zaidi hajakosea hata kidogo. Ile laki moja ikiongezwa kila mwezi tangu mwanzo, na yote ikaingia kwenye deni la msingi, mkopo wa miaka 20 unaisha ndani ya miaka 12 na miezi mitatu. Riba inayookolewa ni kama milioni 63. Yaani unaokoa zaidi ya kiasi ulichokopa! Kwa hesabu peke yake mume hana la kusema.

Lakini nyumba haikai kwenye karatasi. Inakaa Dodoma.

Nyumba ya Dodoma ina kalenda yake

Anayetoka Dar huwa anadhani adui wa nyumba ni unyevu na chumvi ya bahari. Huku kwetu mambo ni mengine. Tunaishi kwenye uwanda mkavu, mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, halafu miezi mingi ya jua kali na vumbi. Udongo wa mfinyanzi mweusi wa maeneo ya mbuga huvimba ukilowa na hukauka ukapasuka kama unga wa muhogo uliosahaulika juani. Nyumba iliyokaa juu yake inapanda na kushuka kila mwaka. Ufa unaanza kwenye kona ya dirisha, mwembamba kama unywele, unauziba kwa simenti, mwaka unaofuata umerudi na mwenzake. Kuuziba na kupaka rangi ni kazi ya bure kama maji ya mvua bado yanatuama kwenye msingi. Dawa inaanzia nje: mifereji, zege la kuzunguka nyumba, na kuhamisha lile bustani lako la maua unalolimwagilia kila jioni ukutani.

Halafu maji. Dodoma kwa miaka mingi imeishi kwa visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na maji ya visima vingi huku yana chumvi. Chumvi hiyo huacha ukoko mweupe kwenye bomba la kuogea, kwenye birika, na hasa kwenye hita, ambayo huungua kabla ya siku zake. Boya la tanki la choo hukwama, maji yakavuja usiku kucha, bili ikaja na sura nyingine. Na kwa kuwa maji huja kwa mgao mitaa mingi, simtanki na pampu si anasa. Navyo huharibika.

Mchwa nao wapo. Wanapenda mbao za paa zisizopigwa dawa na fremu za milango, na hawapigi hodi. Ukifika Julai na Agosti upepo unaanza, bati lililopigiliwa kwa ubahili linaanza kupiga kelele. Na tusisahau kwamba tuko jirani na bonde la ufa, tetemeko dogo la hapa na pale ni jambo linalojulikana hapa mjini.

Sasa chukua wale waliotuma kila senti benki. Januari wameongeza laki, Februari laki, kila mwezi laki. Machi paa linavuja, silingi bodi imeanguka juu ya kitanda, fundi anataka laki nane na nusu ikiwa ni hela ya vifaa. Wanakwenda benki kuomba zile hela zao za ziada. Hazirudi. Hela ikishaingia kwenye deni la nyumba imeingia. Kinachofuata tunakijua: mkopo wa haraka wa kwenye simu, au mkopo mwingine wa mshahara juu ya ule wa kwanza. Na hapo mtumishi wa umma anakutana na kanuni ya theluthi moja, kwamba makato yasimwache na chini ya theluthi ya mshahara wake, ofisi inakataa kupitisha, basi anaangukia kwa wale wakopeshaji wa mtaani wanaobaki na kadi yako ya benki. Umeokoa riba ya asilimia 16 kwa mkono wa kulia, umekopa kwa riba isiyotajika kwa mkono wa kushoto.

Je, mnaweza kupata vyote viwili?

Kwa kiasi kikubwa mnaweza, na hapa ndipo penye habari njema ambayo wengi hawaijui. Rudi kwenye mfano wetu. Igawe ile laki: elfu hamsini benki, elfu hamsini kwenye mfuko wa nyumba. Mkopo unaisha miaka mitano na ushee kabla ya wakati, na riba inayookolewa ni kama milioni 43. Umetoa nusu ya hela, umepata zaidi ya theluthi mbili ya faida. Sababu ni ile ile: shilingi za mwanzo ndizo zinazofanya kazi kubwa.

Au fanya hivi. Mwaka mzima wa kwanza usiongeze chochote benki, laki yote iende kwenye mfuko wa nyumba. Mwisho wa mwaka una milioni 1.2 ya kuanzia, na baada ya hapo laki inaanza kwenda benki kila mwezi. Bado unaokoa kama milioni 56. Gharama ya kusubiri mwaka ni milioni 6 au 7 ambazo mngezilipa huko mbele ya safari, na kwa maoni yetu hiyo ni bei halali ya kulala usingizi mvua ikinyesha.

Ukiniuliza mimi, nyumba mpya ya kununua kutoka kwa shirika, iliyokaguliwa ikaonekana imesimama vizuri, ifuate njia ya pili. Nyumba ya mtu, iliyojengwa kimya kimya na fundi asiyejulikana, ifuate njia ya kugawa, na msiiache, maana hiyo haitawaacha. Marekani wana kanuni ya kutenga asilimia moja ya thamani ya nyumba kila mwaka kwa matengenezo. Kwa nyumba ya milioni 75 ni kama 62,500 kwa mwezi. Kwa huku, na chumvi yetu hii, ningeiona hiyo kama pa kuanzia tu.

Mfuko wenyewe usikae kwenye simu, utaliwa na vocha na michango ya harusi. Uweke mahali ambapo kuutoa kunachukua siku chache lakini si miezi. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS ni mfano mmoja, na Watumishi Housing Investments nao wana Faida Fund tangu 2022. Faida yake kwa kawaida iko chini ya riba ya mkopo wako, hilo lisikusumbue. Hujaiweka pale itajirike, umeiweka iwepo.

Na hela ya kujaza mfuko mara nyingi imo jikoni. Ukinunua mahindi, maharage na mafuta ya alizeti kwa kilo moja moja mwezi wa pili, unanunua wakati kila mtu ana njaa. Baada ya mavuno, Juni mpaka Agosti, watu wa mji huu wana bahati ya kuwa na soko la nafaka la Kibaigwa njia ya Morogoro, na alizeti ya Singida iko jirani. Gunia tatu zilizokaushwa vizuri na kuhifadhiwa dhidi ya wadudu zinaweza kuwaachia hela ya mwezi mzima pale Januari, mwezi wa ada.

Anayelipa mkopo na anayenunua unga

Kuna jambo ambalo wanandoa hulikwepa. Mara nyingi rejesho linakatwa kwenye mshahara wa mmoja, mwenzake analisha nyumba, analipa msichana wa kazi, anamwita fundi bomba. Miaka ikipita yule wa kwanza anaanza kusema "nyumba yangu." Linaanza kama utani.

Sheria haiko upande wa utani huo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka nyumba ya familia isiwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi anayeishi humo. Kama uliitwa benki ukasaini ukiwa na haraka ya kurudi kazini, karatasi ile ilikuwa hiyo. Kwa hiyo andikeni daftari moja: rejesho upande huu, unga, gata na boya la choo upande ule. Siyo kwa ajili ya kesi. Ni ili ikifika siku ya kuamua laki iende wapi, asiwepo anayejiona mwenye nyumba na mwingine mpangaji.

Kabla hujatuma hata senti

Uliza benki kama wanatoza adhabu ya kulipa mapema, kwa sababu mikataba inatofautiana. Kisha andika barua, usiishie kuongea na dada wa kaunta, useme wazi kwamba kiasi cha ziada kipunguze deni la msingi na muda ufupishwe. Bila maelekezo hayo hela inaweza kukaa tu kwenye akaunti ikisubiri rejesho la mwezi ujao, na hapo hujaokoa kitu. Baada ya miezi mitatu omba taarifa ya mkopo uone salio limeshuka kweli. Kama riba ya mkopo wako inaweza kubadilika, omba na ratiba mpya kila inapobadilika.

Na siku rejesho la mwisho likikatwa, msiishie kwenye kuchinja mbuzi. Deni limekwisha, lakini kwenye daftari la Msajili wa Hati nyumba bado imeandikwa rehani mpaka rehani hiyo ifutwe. Daini benki nyaraka za kufuta rehani pamoja na hati yenu halisi, zipelekeni ofisi ya ardhi wenyewe, wote wawili, na msiondoke bila nakala yenye muhuri.