Fomu ya damu ni kazi ya nani?

Nina dukuduku nililokaa nalo tangu mwaka 2019. Naishi Marekani, na mdogo wangu ninayekaa naye anaumwa ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Dawa mbili alizopewa mwanzo hazikumsaidia. Ndipo daktari akamwandikia klozapini, na kwa kweli katika mwezi wa tatu kijana alianza kula nasi mezani na kucheka.

Dawa hii ina sharti. Kwa watu wachache hupunguza sana chembechembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi, na hapo ugonjwa mdogo tu unaweza kuua. Wagonjwa kadhaa walifariki huko Finland mwaka 1975 kwa sababu hiyo. Marekani iliiruhusu mwaka 1989 kwa sharti la kupima damu. Mdogo wangu alipoanza, ilikuwa kila wiki kwa miezi 6, kisha kila wiki mbili kwa miezi 6, halafu kila mwezi. Sharti hilo silipingi hata kidogo. Ninachouliza ni karatasi zake: ni kazi ya nani?

Alitolewa damu siku ya Jumatano. Ijumaa jioni, dawa ikiwa imebaki ya usiku ule tu, tukaenda duka la dawa. Mfamasia akasema haoni majibu, hivyo hatoi kitu. Nikapiga simu kliniki. Karani akasema maabara haijaleta. Maabara wakasema wametuma kwa faksi tangu jana. Nikapiga tena kliniki, nikaambiwa muuguzi aliyekuwa akiingiza majibu ameacha kazi, daktari ameshaondoka, niwaombe wa duka la dawa. Na utaratibu wa wakati ule, Ndugu Mhariri, uliruhusu daktari, au mtu aliyemteua, au duka la dawa lenyewe kupeleka hesabu ile. Wote wanaruhusiwa, basi kila mmoja akamngoja mwenzake!

Dawa tuliipata Jumatatu alasiri. Lakini kwa maelekezo ya wakati ule, mtu aliyeikosa klozapini kwa siku 2 au zaidi hakuendelea alipoishia. Alianza upya kwa miligramu 12.5 na kupandishwa polepole, maana kipimo kikubwa cha ghafla chaweza kushusha presha na kudhuru moyo. Katika kule kupandishwa sauti zilimrudia. Alilazwa wiki tatu, na kazi ya kuosha magari aliyokuwa ameipata kwa shida ikaenda kwa mwingine.

Liko na jambo la pili. Watu wengi wenye asili ya Afrika huzaliwa na hesabu ndogo ya chembechembe hizo bila ugonjwa wowote. Tangu mwaka 2015 utaratibu wa Marekani unalitambua hilo: kwa watu hao kiwango cha kawaida huanzia 1,000 badala ya 1,500. Mdogo wangu alipopata 1,300 tuliambiwa atolewe damu mara tatu kwa wiki. Mikono ilivimba. Kumbe alikuwa hajaandikishwa kuwa ni mmoja wa watu hao. Aliyejaza fomu hakuwahi hata kumwona!

Mwaka 2021 zilikuja fomu mpya za kila mwezi, vurugu ikawa kubwa zaidi, hata serikali yenyewe ikalegeza masharti yake. Juni 2025 mpango mzima ukafutwa. Jirani yangu mmoja alinipongeza akidhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Damu bado inashauriwa kupimwa, na sasa hakuna orodha ya kumshtua mtu majibu yasipofika. Zamani tulinyimwa dawa kwa sababu ya karatasi. Leo nahofia majibu mabaya yatalala mezani bila msomaji.

Nawaomba wahusika wa kliniki hizi wamteue mtu mmoja, awe muuguzi au karani, jina lake na simu yake viandikwe kwenye kadi ya mgonjwa, na akienda likizo aandikwe wa kushika nafasi yake. Na maabara impe mgonjwa nakala mkononi. Mimi zangu naziweka kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na kila siku ya kupima naibeba mwenyewe hadi kwa daktari.