Fahamu: Komoro, visiwa vya karafuu na mlangilangi

Komoro ziko wapi?
Ni visiwa vya volkano kaskazini mwa Mlango wa Msumbiji, kati ya Msumbiji na Madagaska: Ngazija, Nzwani na Mwali. Mji mkuu, Moroni, uko Ngazija, chini ya mlima Karthala wenye urefu wa mita 2,361. Mwamba wa Ngazija hunyonya maji, hivyo kisiwa hakina mito ya kudumu na familia nyingi hukinga mvua kwenye matangi.

Kwa nini Mayotte inazozaniwa?
Komoro ilijitangazia uhuru kutoka Ufaransa tarehe 6 Julai 1975. Mayotte, kisiwa cha nne, ilibaki chini ya Ufaransa na mwaka 2011 ikawa mkoa wake kamili. Bendera ya Komoro bado ina nyota nne, moja ikiwa ya Mayotte. Watu wa Nzwani huvuka bahari kwa mashua ndogo kutafuta kazi na matibabu Mayotte, na wengi wamezama.

Wananchi wanaishije?
Karibu wote ni Waislamu, na Kikomori ni ndugu wa Kiswahili. Nchi huuza vanila, karafuu na mafuta ya mlangilangi yanayotumika kutengeneza manukato. Maua yake huchumwa alfajiri na kukenekwa upesi, kabla harufu haijapotea. Lakini bei hupanda na kushuka sokoni, na kaya nyingi hutegemea fedha za jamaa walio Ufaransa. Majirani hawa wanastahili kufahamika zaidi kwetu.