Mwanao anataka kutengeneza gemu ya risasi? Usikimbilie kumnyang'anya simu

Kimamba. Mtoto aliyewahi kutumwa kuamia ndege katika mashamba ya mpunga wilayani Kilosa anaijua kazi yenyewe. Anapanda dunguni asubuhi na mapema, anakaa kimya, macho yanazunguka. Kundi la kwelea kwelea likitua upande wa kulia, anageuka, analenga, anaachia kombeo. Akizubaa, mpunga unaliwa.

Gemu za kompyuta ambazo kwa Kiingereza hufupishwa FPS zinafanya kazi kwa namna hiyohiyo. Mchezaji hauoni mwili wake. Anaona mikono yake, silaha na kilicho mbele, kana kwamba kioo ndiyo macho yake. Anageuka, analenga, anafyatua. Vijana wengi huziita gemu za risasi.

Siku mtoto wa miaka 13 au 14 anaposema hataki tena kucheza tu, anataka kutengeneza ya kwake, wazazi wengi husikia neno moja: risasi. Simu inanyang'anywa, bando halinunuliwi tena, mjadala umekwisha.

Hofu hiyo ina msingi, na haipaswi kudharauliwa. Lakini kabla ya kukata shauri, ni vizuri mzazi ajue mtoto anaomba nini hasa, kwa sababu kucheza gemu na kuitengeneza ni mambo mawili yenye madhara na faida tofauti.

Kazi inayomsubiri mtoto

Anayeanza hatengenezi gemu kama zile zinazouzwa duniani, ambazo hufanywa na mamia ya watu kwa miaka. Anaanza na sakafu tupu na kisanduku kimoja kinachosimama badala ya adui.

Hatua ya kwanza ni kuweka kamera kwenye kimo cha macho ya mtu, kama meta 1.6 kutoka ardhini. Ya pili ni kuifanya isogee kwa vitufe na igeuke kwa kipanya. Ya tatu ndiyo inayowashangaza wengi: katika gemu nyingi za aina hii, mchezaji anapofyatua hakuna risasi inayoruka. Kompyuta huchora mstari usioonekana kutoka katikati ya kioo kwenda mbele, kisha hukagua mstari huo umegusa nini. Ukigusa kisanduku, kisanduku kinapotea na alama inaongezeka.

Hapo ndipo hisabati ya sekondari inapoingia bila kubisha hodi. Mtoto akibonyeza kitufe cha kwenda mbele na cha kwenda kulia kwa pamoja, mchezaji hukata mshazari na ghafla anakimbia kuliko kawaida. Sababu ni kwamba hatua 1 mbele na hatua 1 kulia zinampeleka mshazari umbali wa kipeuo cha pili cha 2, yaani takriban 1.41. Ni kanuni ya Pythagoras ileile ya ubaoni, na kosa hili limewahi kujitokeza hata katika gemu maarufu za miaka ya 1990. Mtoto hawezi kulirekebisha kwa kukariri. Lazima aelewe.

Vifaa vinapatikana bila malipo. Programu ya Godot ni huria, faili lake halifiki MB 200, na ina toleo la simu za Android, ingawa kompyuta yenye kibodi hurahisisha kazi. Unreal Engine, inayotumiwa na kampuni kubwa, humeza makumi ya GB na huhitaji kompyuta yenye nguvu, hivyo kwa familia inayonunua bando la wiki si pa kuanzia. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuanza na Scratch, inayofundisha kupanga amri kwa vipande vya rangi na inayoweza kutumika bila intaneti ikishapakuliwa.

Wapo waliotangulia

Nchini Kenya, Andrew Kaggia, aliyejulikana pia kwa filamu ya katuni ya Wageuzi, alitoa gemu ya aina hii iitwayo Nairobi X mwaka 2015. Ndani yake mchezaji ni askari anayeilinda Nairobi dhidi ya wavamizi kutoka sayari nyingine.

Lakini kisa kinachomgusa zaidi mzazi ni cha Lual Mayen. Wazazi wake walikimbia vita Sudan Kusini, naye akazaliwa safarini. Alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Siku alipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza, alimwendea mama yake na kumwambia anaitaka.

Mama huyo aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi zikatimia Dola 300 za Marekani, akamnunulia. Kambini hapakuwa na umeme wa uhakika, hivyo kijana alitembea saa tatu kwenda mahali pa kuitumia na kuichaji, na saa tatu kurudi. Alijifundisha mwenyewe.

Gemu iliyomvutia mwanzoni ilikuwa Grand Theft Auto: Vice City, iliyojaa bunduki na uhalifu. Akiwa mtoto wa vita, aliona vijana wenzake nao wanaicheza, akajiuliza inawafundisha nini. Gemu aliyoitengeneza akaiita Salaam, neno la Kiarabu lenye maana ya amani. Mchezaji ni mkimbizi anayetafuta maji, chakula na dawa ili afike salama. Leo Mayen anaongoza kampuni yake ya gemu nchini Marekani.

Mama yake hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Alichofanya ni kulichukulia ombi la mwanawe kuwa jambo zito, na kijana akalijibu kwa kuchagua kitu cha kutengeneza.

Utafiti unasemaje kuhusu vurugu

Mwaka 2020, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa msimamo wake baada ya kupitia tafiti zilizopo. Kilisema kuna uhusiano mdogo lakini wa kweli kati ya gemu za vurugu na tabia kama kufoka na kusukumana. Hata hivyo, kilisema hakuna ushahidi wa kutosha kudai kuwa gemu hizo ndizo zinazosababisha uhalifu wa kutumia nguvu.

Kwa mzazi, maana yake ni kwamba hakuna sababu ya taharuki, na hakuna sababu ya kufumba macho. Katika mfumo wa Ulaya wa PEGI, gemu hupewa namba za umri: 3, 7, 12, 16 na 18. Nyingi za risasi hupewa 16 au 18. Mtoto wa miaka 13 hapaswi kuzicheza kwa kisingizio cha kujifunza kutengeneza.

Anayetengeneza ana nafasi ambayo mchezaji hana: ndiye anayeamua nini kilengwe. Mstari uleule usioonekana unaweza kulenga kwelea kwelea waliotua kwenye mpunga. Unaweza kuwa lenzi ya kamera katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako alama zinapatikana kwa kupiga picha twiga kabla hajaingia kichakani. Kwa Kiswahili risasi inapigwa na picha inapigwa. Kwa kompyuta pia, kazi ni moja.

Usingizi, macho na mwili

Hatari iliyo karibu zaidi na mtoto anayeanza kutengeneza gemu huenda isiwe bunduki ya kwenye kioo. Ni saa za kulala. Kosa dogo kwenye amri linaweza kumkesha mtu mzima, sembuse mtoto.

Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa usiku kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Mwanafunzi anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi shule anapaswa kuwa amelala ifikapo saa 3 usiku. Simu au kompyuta ilale chumba kingine.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Mpira, kuchota maji na kulima vyote vinahesabika. Kwa macho, kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa meta 6 kwa sekunde 20. Mwembe wa uani unatosha.

WHO pia inautambua uraibu wa gemu kuwa tatizo la afya, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote, na kuendelea hata madhara yanapoonekana. Kwa kawaida hali hiyo hudumu miezi 12 au zaidi kabla ya mtu kuhesabiwa mgonjwa, lakini mzazi hana haja ya kusubiri mwaka. Alama zikishuka, mtoto akaacha kula na wenzake au akawa mkali kila anapoombwa kuacha, ni wakati wa kuzungumza na mwalimu au mhudumu wa afya.

Makubaliano kabla ya bando

Mzazi na mtoto wakae waandike mambo machache kwenye daftari. Saa za kazi ziwe wazi, baada ya masomo na shughuli za nyumbani. Gemu ya kwanza iwe ya mchezaji mmoja, isiyomkutanisha na wageni mtandaoni. Jina kamili, shule na picha yake visiwekwe popote. Mtu asiyemjua akimwomba picha au siri, aseme nyumbani mara moja. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure.

Kisha mzazi aweke sharti moja la mwisho: kila Jumamosi mtoto amwoneshe kilichobadilika. Mzazi huenda asielewe amri hata moja. Hilo si tatizo. Aulize tu, "Hiki ni nini? Kwa nini hakisogei?" Mtoto atakayeweza kumweleza mama yake kwa nini mchezaji anakimbia akikata mshazari ameshajifunza kitu. Asiyekuwa na cha kuonesha kwa wiki tatu huenda anacheza tu, na hapo simu inaweza kurudi kabatini kwa haki.